Chora gari moja mwezi mzima, ukianzia kwenye magurudumu

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni kijana wa miaka 21, naosha magari Kayole, Nairobi. Nimechora magari tangu shule ya msingi. Nikichora gari kwa ubavu, kila mtu analitambua. Nikijaribu kuonyesha mbele na ubavu kwa pamoja, magurudumu yanakuwa kama mayai na gari linaonekana limegongwa. Kila Jumapili nanakili picha za simu kwa saa tano au sita mfululizo, lakini michoro ya mwaka huu haina tofauti na ya mwaka jana. Nifanye mazoezi kwa saa ngapi? Au labda sikuzaliwa na kipaji? Ndoto yangu ni kuchora nganya, zile matatu zilizopambwa kwa michoro.

Jibu: Mdogo wangu, nianze na swali la kipaji, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Umeniandikia kwamba magurudumu yako yanakuwa kama mayai. Hakuna aliyekuambia, umeliona mwenyewe. Maana yake jicho lako limeshautangulia mkono, na huo ndio mwanzo wa kuendelea. Katika miaka yote niliyofundisha kuchora, wanaonipa wasiwasi ni wale wanaoniletea gari lililopinda huku wamefurahi nalo. Wewe hujakosa kipaji. Unafanya kazi nyingi, ila imekaa mahali pasipofaa.

Nimeitazama michoro mitatu uliyonitumia. Mmoja ni Subaru, wa pili ni Mark X, wa tatu ni Land Cruiser. Jumapili tatu, magari matatu, na kosa ni lile lile: gurudumu la nyuma limesimama wima kama sarafu, la mbele limelala, na hakuna hata moja linalofuata ekseli yake, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ukibadilisha gari kila wiki, unajifunza taa mpya na grili mpya, lakini kosa lenyewe halipati nafasi ya kurekebishwa. Unaondoka nalo kutoka gari hili hadi lile.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua gari moja, ulichore hilo hilo mwezi mzima, nusu saa kila siku, siku sita kwa wiki. Jumapili pumzika. Nusu saa mara sita ni saa tatu, pungufu ya zile unazotumia sasa, lakini utafika mbali zaidi. Saa ya nne ya Jumapili mkono umechoka, na mkono uliochoka unarudia kosa hadi likawa mazoea. Ukilala usiku, mwili unahifadhi ulichojifunza mchana. Kesho yake unaanza pale ulipoachia, na jicho likiwa jipya unaliona kosa la jana kabla hujaweka kiti chini.

Gari gani? Ningekuwa wewe ningechukua Probox. Najua si gari la ndoto. Lakini sehemu zake zimenyooka, ubavu ni ubavu na paa ni paa, na unaona wazi panapoishia upande mmoja na kuanza mwingine. Gari lenye bodi ya mviringo kama Vitz linaficha kona zake, na anayeanza hupotea humo. Tena Probox ziko kila mahali Nairobi, na bila shaka unaosha kadhaa kila wiki. Hapo ndipo una bahati kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo cha sanaa. Wewe gari unalishika. Sponji ikipita kwenye mlango, mkono wako unajua bodi inapovimba kidogo chini ya dirisha, inapoingia ndani karibu na kizingiti, na madigadi yanavyotoka nje kulifunika tairi. Ujuzi huo uko mikononi tayari. Kazi yetu ni kuupeleka kwenye karatasi.

Sasa tushike magurudumu, maana humo ndimo gari zima linamopimwa.

Kwanza ukubwa. Kwenye ubavu wa tairi utasoma nambari kama 195/65R15. Watu wengi huzisoma tu wanapokwenda kununua tairi, lakini kwa mchoraji hicho ni kipimo cha bure. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: urefu wa ukuta wa tairi, kutoka rimu hadi barabarani, ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Ukuta wa tairi uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo jumlisha 127 mara mbili na 381. Unapata milimita 635, sentimita 63 na nusu. Fanya hesabu hiyo kwa gari lolote linalokuja kuoshwa na utajua kimo cha gurudumu lake bila kutoa futi.

Gurudumu la Probox lina kipenyo cha karibu sentimita 60, na gari lenyewe lina urefu wa karibu mita 4.2. Kwa hiyo kutoka bampa hadi bampa ni magurudumu saba. Kimo ni karibu mita moja na nusu, magurudumu mawili na nusu. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni sentimita 255, magurudumu manne na kidogo, maana yake nafasi tupu kati ya tairi mbili ni magurudumu matatu na ziada. Andika vipimo hivi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Uliponiambia gari lako linaonekana limegongwa, nilipima mchoro wa Subaru kwa rula: kati ya magurudumu yake haziwezi kuenea hata tairi mbili. Hata ukizingatia kwamba gari limegeuka kidogo, huyo ni mnyama aliyebanwa tumbo.

Jambo moja lililonishangaza nilipoanza kupima magari: ile HiAce ya mwili wa kawaida, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo imejaa steji zetu, ina sentimita 257 kati ya ekseli na ekseli. Tofauti yake na Probox ni sentimita mbili tu! Lakini hakuna anayezifananisha, kwa sababu dereva wa HiAce amekaa juu ya magurudumu ya mbele, kioo kimesogezwa mbele kabisa, boneti karibu haipo, na paa limepanda hadi karibu mita mbili. Sura ya gari inatokana na mahali kila kitu kilipokaa ukilinganisha na magurudumu. Ukiyaweka vibaya, hata uchore taa kwa ustadi gani, mtu atahisi kitu kimeharibika bila kujua ni nini.

Pili, mayai. Gurudumu ni duara, na duara likitazamwa kwa pembeni huwa duaradufu, yaani duara lililobanwa. Hilo unalijua. Usiloambiwa ni kwamba duaradufu hiyo haielekei popote unapotaka. Chukua kifuniko cha mkebe wa Kimbo, kitoboe katikati kabisa, upitishe biro. Kifuniko ni gurudumu, biro ni ekseli. Kishike mbele ya macho na ukizungushe pole pole. Utaona kwamba kila mara biro inalala kwenye upande mwembamba wa duaradufu na kuikata nusu sawa sawa. Kifuniko kikiinama, biro inainama nacho. Haitokei hata mara moja biro ikaenda njia yake na duaradufu ikaenda njia nyingine.

Kwenye mchoro wako ndivyo ilivyotokea. Ulichora duaradufu kwanza, ukaisimamisha ile ya nyuma wima kwa sababu akili inasema gurudumu husimama wima. Geuza utaratibu. Chora ekseli kwanza, mstari mwepesi unaopita chini ya gari kutoka upande huu hadi ule, kisha uweke duaradufu ili mstari huo uwe mhimili wake mfupi, yaani uikate nusu kwa upande wake mwembamba. Ukisimama na kulitazama gari kwa juu kidogo, ekseli itaonekana imeinama, na duaradufu nayo itaegemea kidogo. Hapo gurudumu litatulia. Kumbuka pia kwamba magurudumu mawili ya ubavu mmoja hayana unene sawa: lililo karibu nawe limefunguka zaidi, la mbali limebanwa zaidi.

Wiki ya kwanza usichore gari. Chora ekseli na magurudumu yake tu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa biro. Nasema biro kwa makusudi, kwa sababu penseli na raba zinakuzoesha kukwaruza mistari midogo midogo yenye manyoya. Zungusha mkono hewani mara mbili tatu juu ya karatasi bila kugusa, bega ndilo litembee wala si kifundo, halafu shusha biro na uzungushe mara moja, hata mara mbili. Ikiharibika, iache, chora nyingine pembeni. Karatasi ya nyuma ya risiti inatosha, wala usiende mjini kununua vifaa vya bei.

Wiki ya pili, ongeza boksi. Chora sanduku la kioo unaloliona ndani, lenye urefu wa magurudumu saba na kimo cha mawili na nusu, likiwa limegeuka. Utauliza, mistari ielekee wapi? Hapa ndipo ningependa utoke hadi steji ukatazame matatu, kwa sababu matatu ni mwalimu mzuri wa jambo hili kuliko kitabu.

Simama wima kando ya HiAce iliyoegeshwa, hatua nane au kumi kutoka kwenye kona yake ya mbele. Tazama ule mstari wa manjano unaoizunguka, ulioletwa na kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, mwaka 2004. Kwenye gari lenyewe mstari huo umelala sawa, lakini ukiutazama ukienda nyuma utauona unapanda. Sasa tazama ukingo wa paa: nao ukienda nyuma unashuka. Mahali fulani kwenye madirisha, usawa wa macho yako, kuna mstari usiopanda wala kushuka. Mistari yote iliyo chini ya macho yako hupanda kuuelekea, yote iliyo juu hushuka kuuelekea. Kisha geuza ndoo uikalie. Macho yako sasa yako mita moja na kidogo kutoka ardhini, na ule mstari wa manjano uliokuwa unapanda utauona unakaribia kunyooka, huku paa likishuka kwa ukali zaidi. Gari halikusogea. Wewe ndiye uliyesogea.

Rudi kwa Probox yako ukiwa umesimama. Paa lake liko mita moja na nusu, na macho ya mtu mzima yako juu ya hapo kidogo tu. Kwa hiyo ukingo wa paa unakaribia kuwa mstari mlalo, na mistari ya chini, kizingiti na mstari unaounganisha tairi zinapogusa ardhi, inapanda kwa ukali. Kwenye michoro yako yote mitatu paa linashuka kana kwamba umekaa chini, na tairi zinapanda kana kwamba umesimama juu ya ngazi. Gari moja limetazamwa na watu wawili. Ukipata nafasi, panda daraja la waendao kwa miguu Thika Road wakati wa foleni, utazame magari kwa juu. Utaona paa na boneti zilivyo pana, vitu ambavyo tukiwa chini huwa tunavisahau. Dakika kumi zinatosha, na ushike daftari lako vizuri.

Kuhusu picha za simu: sikukatazi, lakini fahamu zinachokufanyia. Lenzi ya kawaida ya simu inaona eneo pana, kwa hiyo ili gari lijae kwenye kioo unalisogelea sana. Ukilisogelea, taa iliyo karibu nawe inakua kupita kiasi na sehemu ya nyuma inasinyaa. Ukinakili picha hiyo kwa uaminifu, unanakili na upotofu wake. Ikiwa ni lazima utumie picha, rudi nyuma hatua kumi na ukuze, na iwe picha uliyopiga mwenyewe ya gari ulilolizunguka kwa miguu.

Wiki ya tatu na ya nne, nusu saa yako iende hivi. Dakika tano za mwanzo ni duaradufu na mistari, kama mchezaji anavyopasha misuli. Baada ya hapo chora Probox moja kuanzia ekseli, kisha boksi, kisha umbo, ukiichora kana kwamba ni ya kioo: chora hata gurudumu la upande wa pili usiloliona, ndipo utajua linagusa ardhi wapi. Ili kupata katikati ya uso wa mbele, piga mistari miwili ya pembe hadi pembe. Nembo na nambari ya gari hukaa kwenye mstari wima unaopita hapo inapokatana, na utaona kwamba katikati hiyo imesogea upande ulio mbali nawe. Usikadirie kwa jicho.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua biro nyekundu, nenda hadi kwenye gari lenyewe, na usahihishe mchoro wako juu yake. Usifute. Pale paa lilipotakiwa kupita, pitisha mstari mwekundu. Wekundu huo ndio somo la kesho. Mara mbili kwa wiki fanya jambo gumu zaidi: litazame gari dakika mbili bila kuchora, ligeuzie mgongo, ulichore kutoka kichwani, ndipo urudi na biro nyekundu. Utashangaa kugundua kwamba gari uliloliosha mara mia hukuwahi kuona nguzo ya nyuma ya dirisha inapoangukia ukilinganisha na tairi.

Kivuli na mng'ao sitavikalia sana, kwa sababu watu huvikimbilia mapema ili kufunika umbo bovu. Jua tu kwamba bodi safi ni kioo. Boneti na paa huonyesha mbingu, kwa hiyo huwa nyeupe zaidi. Sehemu ya chini ya mlango huonyesha ardhi, kwa hiyo hukolea. Hilo unaliona kila siku baada ya kukausha gari kwa kitambaa. Na giza zito kuliko yote liko chini ya gari, hasa saa sita mchana, kwa sababu hapa tuko karibu sana na Ikweta na jua hukaa karibu na utosi. Weka kivuli hicho kwanza na gari litakaa chini, halitaelea.

Sasa nganya. Nafurahi kwamba unaitaka kazi hii, na ninataka uingie ukiwa umejiandaa. Miaka ya mwanzo nilipewa kazi ya kubuni mchoro wa ubavu wa basi dogo. Niliuchora kwenye karatasi bapa, uso mkubwa wa mwanamuziki katikati, mzuri sana. Sikwenda kulipima gari. Ulipopakwa, ukingo wa mlango ulipita katikati ya jicho, na tundu la tairi la nyuma likala kidevu. Mwenye gari alikuwa muungwana, lakini ilibidi upande mzima upakwe upya, na gharama niliibeba mimi. Tangu siku hiyo sichori mapambo kabla ya kuchora bodi tupu: madirisha yote, mlango, mifereji ya mvua, kifuniko cha mafuta, matundu ya tairi, kila kitu mahali pake kwa kipimo. Mafundi wa bodi wanaojenga juu ya chesisi huwa hawaziweki sehemu hizo mahali pamoja, kwa hiyo hata magari mawili ya aina moja nenda ukayapime yote mawili. Kijana anayejua kuweka gari sawa kwenye karatasi, na kumwonyesha mwenye gari litakavyoonekana likija kona ya barabara, anapata kazi mbele ya yule anayejua tu kuchora sura. Ndiyo maana nakukalisha kwenye Probox kwanza.

Ukimaliza mwezi, hamia kwenye gari lenye mistari inayotiririka. Mimi nilijifunza kwa Peugeot 504 ya mjomba wangu, gari lililoundwa na Pininfarina wa Italia na kuanza kuuzwa mwaka 1968. Wazee watakuambia lilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Buti yake inainama kwa nyuma kama mtu aliyelegeza mabega, na taa zake za mbele zimekatwa pembe kwa namna ambayo ukikosea kidogo gari linakasirika. Nilihitaji miezi miwili kuipata ile buti. Ukiona moja imeegeshwa mahali, omba ruhusa, kaa nayo. Kuomba ruhusa usisahau hata kwenye steji: mweleze makanga unachofanya na umwonyeshe daftari, na mara nyingi atakuwa wa kwanza kukuambia ni wapi umekosea.

Siku ambazo mvua itanyesha, au utarudi nyumbani miguu inauma, chora magurudumu mawili na ekseli moja, andika tarehe, ulale. Siku hiyo imehesabika. Mwezi ukiisha nitumie kurasa za siku zote 24 kwa mpangilio wa tarehe, na wekundu wake wote. Usinichagulie nzuri. Ninahitaji kuona ya siku ya pili na ya siku ya kumi na moja, kwa sababu kutoka kwa hizo ndipo nitajua nikupe gari gani mwezi unaofuata.